Karatasi Zilizo Chini ya Kitanda cha Katibu

Hotuba kwa walimu wa muziki na viongozi wa vikundi, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, viongozi wa bendi, taarab na ngoma, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa nyaraka za vyama vya wanamuziki. Kazi yangu ni kutunza nyaraka, na filimbi nimeipiga tangu nikiwa kwenye bendi ya shule. Kwa hiyo msishangae mifano yangu mingi leo ikitoka kwa wapiga filimbi, tena wa mbali, wa Marekani. Kwao naweza kuwaonyesha jinsi karatasi ya kawaida kabisa, iliyopigwa chapa kwa ajili ya jioni moja tu, inavyokuja kujibu swali baada ya miaka mia. Na isitoshe, walianza kama sisi. Hawakuwa na jengo. Walikuwa na katibu.

Hapo kwa katibu ndipo penye shida yote, wazee wangu. Chama cha hiari hakina nyumba, kina viongozi wanaopokezana. Muhtasari wa vikao uko kwa katibu, kitabu cha hesabu kiko kwa mweka hazina, picha ziko kwa yule aliyekuwa na kamera. Uchaguzi ukipita, kasha linapakiwa kwenye bajaji, linahamia nyumba nyingine, linasukumwa chini ya kitanda kingine. Kila linapohama, kuna kitu kinabaki nyuma. Halafu siku katibu akifariki, watoto wake wanasafisha chumba na kukuta madaftari yenye vumbi na harufu ya mende. Hakuna aliyewaambia ni ya nini. Wanayatupa, na huwezi kuwalaumu.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa mwanachama wa kikundi kimoja cha bendi ambacho sitakitaja jina. Tulikuwa na ofisi ya kupanga, na ndani yake kabati la chuma lenye kauntabuku za muhtasari na mahudhurio ya miaka karibu ishirini. Kodi ikapanda, tukahama haraka haraka, na kabati likaachwa "tutalirudia". Nilipolirudia wiki ya tatu, nikaambiwa karatasi ziliuzwa kwa kilo kwa wauza karanga. Nilizunguka mtaa ule siku mbili, kutoka meza hadi meza, nikinunua karanga na kukunjua karatasi. Nilipata kurasa nne. Mojawapo ina orodha ya ada ya mwezi, majina tisa kwa mwandiko wa wino wa bluu, sita yana alama ya vema na matatu yameandikwa "bado". Mmoja wa wale watatu alikuwa mpiga tarumbeta bora kuliko wote niliowahi kukaa nao jukwaani. Kwa jinsi nijuavyo, ukurasa ule wenye doa la mafuta ndio pekee duniani ambamo jina lake limeandikwa kama mwanamuziki.

Sasa twende Marekani.

Chama chao cha taifa, National Flute Association, kilianzishwa mwaka 1972. Rais wake wa kwanza alikuwa Mark Thomas, mpiga filimbi ambaye ndiye hasa aliyewakusanya wenzake. Mwaka uliofuata, 1973, walifanya mkutano mkuu wa kwanza katika mji wa Anaheim, jimbo la California, na tangu hapo mkutano huo umekuwa ukizunguka nchi, mwaka huu mji huu, mwaka ujao mji mwingine. Ndani yake kuna maonyesho kuanzia asubuhi hadi usiku, mashindano ya vijana, mafunzo, na watengenezaji wa filimbi wenye meza zao.

Itazameni ratiba hiyo kwa jicho la mtunza nyaraka. Kila mwaka mji mpya, kila mwaka kamati mpya ya kupanga maonyesho. Hiyo maana yake ni makatibu wengi, vitanda vingi. Kila kamati inazaa mzigo wake: barua za maombi, rekodi za watu wanaoomba nafasi ya kupiga, orodha za waliokubaliwa na waliokataliwa, ramani za kumbi, risiti, na mwishoni kitabu cha ratiba ambacho kila mwanachama anapewa mlangoni. Wengi wanakitupa kwenye ndege wakirudi nyumbani. Mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuokoa kwenye moto, nitachukua kitabu hicho cha ratiba. Muhtasari wa kikao unakueleza viongozi waliamua nini. Ratiba inakueleza chama kilifanya nini: nani alipiga, alipiga tungo gani, nani alimsindikiza kwa piano, na kama siku hiyo tungo ile ilikuwa inasikika kwa mara ya kwanza.

Hili la mara ya kwanza lina uzito. Kwa miaka mingi chama hiki kimekuwa kikiagiza tungo mpya kwa ajili ya mashindano yake ya vijana. Kijana anayeingia mashindanoni hawezi kujificha nyuma ya rekodi za mabingwa, maana tungo hiyo hakuna bingwa aliyewahi kuipiga. Sasa, tungo ya namna hiyo inaacha nyayo kwenye jalada: barua ya kumwomba mtunzi, mapatano ya malipo, nakala yenye masahihisho ya kalamu, kisha ratiba ya siku ilipopigwa. Ukiwa na karatasi hizo unaweza kusimulia kuzaliwa kwa tungo. Ukizikosa, unabaki na nota tu, na nota hazisemi nani aliziomba.

Wana pia maktaba ya nota, ambayo kwa miaka mingi iliwekwa Chuo Kikuu cha Arizona mjini Tucson, wanachama wakiazima humo. Ni jambo la heri na ningependa tuwe nalo. Lakini naomba tusichanganye, kwa sababu hapa nyumbani tunachanganya sana: maktaba ya nota ni kitu kimoja, nyaraka za chama ni kitu kingine. Nota iliyochapwa ikipotea, huenda nakala nyingine ipo mahali. Muhtasari wa kikao cha tarehe fulani ukipotea, hakuna duka linalouuza.

Kabla ya chama cha taifa kulikuwa na vyama vya miji, na hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Georges Barrère alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1876. Desemba 1894, akiwa na miaka 18, ndiye aliyepiga filimbi Paris siku ilipozinduliwa ile kazi ya mtunzi Mfaransa Debussy inayoanza na filimbi peke yake, bila mtu wa kumshika mkono. Mwaka 1905 alihamia New York kupiga katika okestra ya Walter Damrosch, na mwaka 1920 akaanzisha New York Flute Club. Alikiongoza chama hicho hadi alipofariki mwaka 1944, na chama kipo hadi leo. Kimevuka miaka mia moja.

Mtu kama Barrère historia haiwezi kumsahau. Magazeti yalimwandika, watunzi walimtungia. Sikuja kumsemea yeye. Nakuja kuwasemea wale wanaoonekana kwenye ratiba ya Jumapili alasiri chini ya jina lake, kwa herufi ndogo. Chukueni ratiba ya namna hiyo mkononi. Karatasi moja imekunjwa katikati. Nje jina la chama na tarehe. Ndani, tungo tatu au nne, na chini ya kila tungo majina: filimbi, filimbi ya pili, chelo, piano. Nyuma, viongozi wa chama na bei ya uanachama. Hakuna zaidi. Ukiwa na moja, una kumbukumbu ya jioni moja. Ukiwa nazo zote za miaka hamsini, zilizopangwa kwa tarehe, unaanza kuona mambo ambayo hata waliokuwepo hawakuyaona.

Mojawapo ni wanawake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, okestra kubwa za Marekani ziliwafungia wanawake mlango, hasa kwenye vyombo vya kupuliza. Ilikuwa mwaka 1952 ndipo Doriot Anthony Dwyer alipopewa kiti cha mpiga filimbi mkuu wa Boston Symphony, na likawa jambo la magazetini. Ukisoma orodha za okestra hizo peke yake, utadhani kabla ya hapo filimbi ilikuwa chombo cha wanaume. Lakini fungua ratiba za vyama vya wapiga filimbi, wamo. Frances Blaisdell, mwanafunzi wa Barrère, alikuwa akipiga New York tangu miaka ya 1930, na baadaye akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye tunamjua. Wapo wengine waliopiga mara mbili au tatu, wakaolewa, wakafundisha watoto wa jirani, wakaishia hapo. Daftari la mshahara la okestra haliwajui. Karatasi iliyokunjwa katikati inawajua.

Naomba akina mama waliomo humu ukumbini walifikirie hilo. Vikundi vyetu vya taarab vimejengwa na wanawake, kwa sauti na kwa fedha za upatu. Sasa nitajieni kikundi kimoja kilichoandika majina ya waitikiaji wake wa miaka ya 1960.

Kuna mwingine wa kumtaja, naye hakuwa chama. Alikuwa mtu mmoja aliyefanya kazi ya chama. Dayton Miller, aliyezaliwa mwaka 1866 jimbo la Ohio, alikuwa profesa wa fizikia mjini Cleveland, mtafiti wa sauti, na mpenzi wa filimbi kupita kiasi. Alifikia kujitengenezea filimbi ya dhahabu kwa mikono yake. Alipofariki mwaka 1941, mkusanyo wake ulikwenda Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington: filimbi na vyombo vya kupuliza karibu 1,700, pamoja na vitabu, nota, picha, barua na katalogi za wauzaji. Watu huenda kuangalia filimbi. Mimi ningeomba kwanza daftari lake. Miller alikuwa mwanasayansi, na alizishughulikia filimbi kama anavyoshughulikia vipimo. Kila iliyoingia aliiandikia: imetengenezwa na nani, wapi, kwa kitu gani, na yeye ameipataje. Filimbi 1,700 bila daftari ni rundo la mirija. Zikiwa na daftari, kila mojawapo ina ukoo.

Iliyo maarufu kuliko zote ni ya kioo, kazi ya Claude Laurent wa Paris. Kwenye pingili ya fedha inayounganisha vipande vyake pamechorwa jina la James Madison, Rais wa Marekani, na mwaka 1813. Mwaka uliofuata, Agosti 1814, jeshi la Uingereza lilichoma Ikulu ya Washington, na inasimuliwa kwamba huenda Dolley, mke wa rais, aliiokoa filimbi hiyo pamoja na vitu vingine. Huenda. Masimulizi yamebaki masimulizi. Kilichochorwa kwenye fedha tunakisoma hadi leo. Septemba 2022 mwanamuziki Lizzo aliipiga jukwaani mjini Washington, watumishi wa maktaba wakiwa wameileta kwa ulinzi, na dunia nzima ikaiona. Iliwezekana kwa sababu miaka zaidi ya themanini nyuma kuna mtu aliyeikabidhi ikiwa na maelezo yake, na wengine waliopokea bila kuyapoteza.

Niongeze jambo moja kwa wenye vyombo vya zamani nyumbani. Wanasayansi wa maktaba ile walipozipima filimbi zake za kioo, walikuta ni mbili tu zilizo za kristali halisi, ya Madison ikiwa mojawapo. Nyingine ni kioo cha aina tofauti, ambacho hewa yenye unyevu hukiharibu taratibu. Ziliitwa kristali miaka mingi kwa sababu ndivyo zilivyoitwa. Kwa hiyo andikeni mlichoambiwa, na andikeni kuwa mmeambiwa. Atakayekuja atapima.

Unyevu umetajwa, na sisi tunaishi pwani. Kanda nyingi za sauti za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya maji ya hewani. Ukiichukua kanda kama hiyo leo ukaibandika kwenye mashine na kuichezesha kwa furaha, inanata, inapiga kelele, na ule unga wa kahawia uliobeba muziki unabaki kwenye vichwa vya mashine. Umeisikiliza mara moja na umeifuta. Wataalamu huzikausha kwanza kwa joto dogo, nyuzi kama 54, kwa saa kadhaa, kisha wanazinakili mara moja kabla unyevu haujarudi. Tafadhali, tena nawaomba kwa mikono miwili: mwenye kanda za kikundi chake, za harusi, za mazoezi, asizichezeshe kwanza. Atafute mtu anayejua. Na msijaribu joto hilo kwenye oveni ya kuokea mikate.

Nimeulizwa na mwenyekiti hapa, kabla hatujaanza, tufanye nini basi na hicho kidogo tulicho nacho. Mambo ni madogo na hayahitaji mfadhili. Ng'oa pini na klipu, zitaota kutu na kula karatasi. Mipira ya kufungia ni adui zaidi, inayeyuka na kuganda. Usiweke kasha sakafuni, mchwa wanapanda na mafuriko yanaingia. Matofali mawili na ubao vinatosha. Usipeleke hati ya zamani kwenye laminesheni. Najua mnaipenda kwa sababu inang'aa, lakini plastiki ile haitoki tena, na moto wa mashine unaiharibu karatasi. Usipange upya mafaili ya katibu aliyetangulia ili yapendeze. Mpangilio wake nao ni habari: kama barua ya ugomvi aliiweka pamoja na risiti ya kipaza sauti, huenda ugomvi ulikuwa wa kipaza sauti.

Na ugomvi wenyewe msiuondoe. Nimeona viongozi wakichana kurasa ili chama kionekane kilikuwa na amani. Kama kuna barua zinazowaumiza watu walio hai, zitieni kwenye bahasha, mwandike juu isifunguliwe kabla ya mwaka fulani, na mpelekaji na mpokeaji watie saini. Hifadhi za nyaraka zina utaratibu huo na wanauheshimu. Kuchana si utaratibu.

Kuna suala ambalo Miller na Barrère hawakulijua. Leo hii vikao vyetu vinafanyika WhatsApp. Humo ndimo tunamoitana mazoezi, tunamochangiana misiba, tunamobishana bei ya sare, tunamotuma picha za onyesho usiku uleule. Kitanda cha katibu wa leo ni simu yake. Simu ikiibwa Kariakoo saa kumi jioni, chama kimepoteza miaka mitano kabla ya magharibi. Yale mazungumzo yanaweza kutolewa kama faili na kutumwa kwa barua pepe. Ni kubonyeza mara tatu, kijana yeyote kule nyuma atawaonyesha. Fanyeni hivyo kila mwisho wa mwezi, na maamuzi makubwa yachapwe kwenye karatasi, yatiwe tarehe. Karatasi iliyo pakavu haihitaji chaji wala nywila.

Na kwenye katiba ya chama wekeni kifungu kimoja: kiongozi anayeondoka anakabidhi nyaraka kwa hati ya makabidhiano, yenye orodha, mbele ya mashahidi wawili. Tunakabidhiana hivyo magari na funguo za stoo. Nyaraka tunakabidhiana kwa mdomo.

Nimekuja na picha moja, naona muda wangu umebaki kidogo. Ni ya bendi yetu ya shule. Tupo kumi na wanne, mstari wa mbele wamekaa na wa nyuma wamesimama, ngoma kubwa katikati. Nyuma ya picha kuna mwandiko wa penseli wa mwalimu wetu: majina tisa, yeye mwenyewe hakujiandika. Mawili zaidi nimeyapata kwa kuuliza. Wamebaki watatu. Mzee uliyekaa hapo mbele, uliniambia mlangoni kwamba ulifundisha shule ile miaka ileile. Naomba uishike kwa pembeni, vidole visiguse uso wa picha, na penseli hii hapa. Tuanze na huyu wa pili kutoka kushoto, mwenye filimbi.